Kiswahili cha Wapi?

Barabara ya kutoka Beni kuja Butembo ina kilometa 54 hivi. Mwanzoni mwa mwaka 2022 nilikuwa naipita karibu kila wiki mbili, juu ya pikipiki, daftari mbili zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki ili vumbi lisizile. Nilikuwa nakusanya maneno. Kazi yangu ya kuhitimu ilihusu maneno yenye asili ya Kiarabu katika Kiswahili cha wachuuzi wa masoko ya miji hii miwili: yapi yanatumika, yanatamkwaje, na maana yake imehama kiasi gani. Ilikuwa mada tulivu. Nilimwambia hivyo hata mwalimu aliyeniongoza: nimechagua mada isiyo na ugomvi na mtu.

Siku moja, mchana, tulikuta kamba imefungwa kukatisha barabara, karibu na kijiji ambacho sitakitaja. Waliosimama pale hawakuwa askari. Walikuwa vijana wa hapo, wenye mapanga na filimbi, waliochoka kuisubiri serikali. Siwalaumu kwa kulinda kijiji chao. Siku ya Krismasi iliyokuwa imetangulia, bomu lilikuwa limelipuka ndani ya mkahawa mmoja mjini Beni, na tangu hapo kila mtu alikuwa akimtazama jirani yake kwa jicho jipya. Abiria tulishuka, tukatoa kadi zetu za mpiga kura, ambazo kwetu ndizo kitambulisho. Mbele yangu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye ndevu fupi na furushi la vikwembe. Kadi yake ilikuwa imechakaa hata picha haionekani. Walipofungua furushi, chini ya vikwembe walikuta kanzu nyeupe na kofia.

Wakamuuliza kama yeye ni Mnande. Akasema hapana. Wakamuuliza kama anasikia Kinande. Akasema kidogo tu, cha sokoni. Wakamwambia akiseme hicho kidogo. Akatoa salamu ya asubuhi wakati jua lilikuwa utosini. Mmoja alicheka, wengine hawakucheka. Wakaanza kumhoji kwa Kiswahili, wanatoka wapi watu wake, anauza kwa nani, na kila alipojibu walitazamana.

Ndipo mmoja wao, niliyesoma naye sekondari, akaniona.

“Uyu anasomaka maluga pa univ,” akawaambia wenzake. Kisha akanigeukia: “Yaya, sema weye. Uyu iko anasema Kiswahili ya wapi?”

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimemsikiliza yule mtu kwa dakika kumi, na sikio langu lilikuwa limekwisha kumweka Maniema, upande wa Kasongo, kule ambako Kiswahili na Uislamu viliingia pamoja katika nchi hii wakati wa akina Tippu Tip. Ningeweza kusema: huyu si wa Uganda, huyu ni Mkongomani kama sisi, msikilizeni vizuri. Lakini niliogopa. Nilihofu kwamba nikisema Maniema watasikia Uislamu, na wakisikia Uislamu watasikia msituni. Nilihofu pia kwamba nikimtetea, mfuko wangu wa daftari zilizojaa maneno ya Kiarabu utakuwa wa pili kufunguliwa. Nikasema, “Sijui.” Miaka yote ya fonetiki na lahaja ilizaa neno hilo moja.

Aliyemwokoa ni mama mmoja muuza lengalenga, aliyekuwa amekaa kando ya beseni lake akitazama. Alisimama taratibu akasema: “Uyu namujua. Ananidai dola kumi na mbili ya kikwembe. Ingekuwa mimi mubaya, ningewaacha mumupeleke, deni iishe.” Watu wakacheka. Kamba ikashushwa. Yule mtu akafunga furushi lake kwa mikono iliyokuwa ikitetemeka, akapanda pikipiki yake, nami nikapanda yangu.

Wasomaji wa jarida hili wanakijua Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka waliambiwa aseme Shibolethi. Aliyeshindwa kutamka “sh” aliuawa. Kitabu kinataja watu 42,000. Sisi wanaisimu tumelichukua neno hilo na kulifanya istilahi, tunalifundisha darasani na kutabasamu. Sikuwahi kujiuliza ni nani pale kivukoni aliyekuwa na sikio zuri kiasi cha kusikia tofauti ya “sh” na “s”. Sasa najua. Alikuwa mtu kama mimi.

Tangu siku ile nimejaribu kujieleza kwa nini niliogopa. Jibu la haraka ni vita. Lakini vita viko kwetu tangu nilipokuwa mtoto, na havikunizuia kusema mambo mengine. Nadhani kilichonizuia ni kwamba kichwani mwangu mambo matatu yalikuwa yamekwisha kushikana kama nyuzi zilizolowa: dini ya yule mtu, siasa za nchi hii, na ule uasi unaojiita mapinduzi ya Mungu. Insha hii ni jaribio la kuzitenganisha.

Nianze na kundi lenyewe. Redioni huitwa ADF, au “wanaodhaniwa kuwa ADF”. Wazee bado husema ADF-NALU. Vijijini ni wachinjaji. Kila jina lina historia yake. Mizizi ya ADF iko Uganda. Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, Waislamu wengi wa huko walijiona wamesukumwa pembeni, na ndani ya jumuiya yao wenyewe kulikuwa na ugomvi mrefu juu ya nani awe mufti. Mwaka 1991 vijana wa mkondo wa Tabligh walivamia makao makuu ya Waislamu huko Old Kampala. Polisi waliuawa, na wengi wa vijana wale walifungwa. Miongoni mwao alikuwemo Jamil Mukulu, mtu aliyezaliwa katika familia ya Kikristo na kusilimu baadaye. Walipotoka gerezani walishika silaha, na jeshi la Uganda lilipowashambulia mwaka 1995 walivuka mpaka na kuingia Zaire.

Kwa nini Zaire iliwapokea? Hapa dini inakaa kando na siasa inashika usukani. Mobutu alikuwa na ugomvi na Kampala. Khartoum nayo ilikuwa na ugomvi na Kampala, kwa sababu Uganda iliwasaidia waasi wa Sudan Kusini. Na msituni, kwenye miteremko ya Rwenzori, walikuwepo mabaki ya NALU, kundi ambalo halikuwa na haja yoyote na Uislamu. NALU ilirithi madai ya Rwenzururu, ya Wakonjo waliotaka utawala wao tangu mwaka 1962. Makundi hayo mawili yaliungana kwa sababu adui wao alikuwa mmoja.

Kwa mtu wa kitivo chetu, sehemu hii ina uzito wa pekee. Guthrie alizipa lugha za Wakonjo na Wanande namba mbili, D41 na D42, lakini mtu wa Kasese na mtu wa Mutwanga wanaelewana bila mkalimani. Ni lugha moja ambayo mpaka wa Kasindi umeikata katikati. Kwa hiyo miaka ile ya mwanzo, mpiganaji wa NALU aliyefika kwenye kizuizi chetu angeupita mtihani wa Kinande vizuri kuliko mchuuzi wangu wa vikwembe. Angetoa salamu sahihi kwa saa sahihi. Angeoa hapa, angelima hapa, na wengine walifanya hivyo. Mtihani wa lugha ungempitisha mwenye bunduki na kumkamata mwenye furushi.

Baadaye watu wa NALU walijitoa, jina likabaki mdomoni mwetu. Waliobaki msituni walizidi kujifunga ndani ya dini yao. Kambi yao kubwa waliiita Madina, neno ambalo kwa Kiarabu ni mji tu, lakini kwa Mwislamu ni mji wa Mtume, mji aliohamia alipokataliwa. Jina hilo ni hoja nzima: linasema kwamba sisi ni waliohama, na kwamba huku msituni ndiko dola ya haki inakoanzia. Jeshi letu lilitangaza kuiteka Madina hiyo Januari 2020. Mukulu mwenyewe alikuwa amekamatwa Tanzania mwaka 2015, na uongozi ulikuwa wa Musa Baluku. Mwaka 2019 kundi linalojiita Dola ya Kiislamu lilianza kudai mashambulizi ya eneo la Beni kuwa ni yake, na mwaka uliofuata Baluku alisema kwamba ADF haipo tena, kwamba wao sasa ni jimbo la dola hiyo.

Kuna watu wanaosema kwamba dini hapo ni vazi tu, kwamba ndani yake kuna mbao, dhahabu, kakao na mikono ya wakubwa. Wana ushahidi wao. Mauaji makubwa yalipoanza Oktoba 2014, serikali ilisema ADF na kufunga mjadala. Lakini ripoti ya Kikundi cha Utafiti juu ya Kongo cha Chuo Kikuu cha New York, iliyotoka Machi 2016, ilionyesha kwamba wauaji walikuwa wa aina nyingi, na kwamba miongoni mwao walikuwemo watu wa jeshi letu lenyewe. Kabla ya hapo, Januari 2, 2014, Kanali Mamadou Ndala aliuawa karibu na Beni. Watoto wa umri wangu tuliimba jina lake. Alikuwa ndiye aliyewafukuza M23 karibu na Goma. Alikuwa Mwislamu. Na mahakama ya kijeshi iliyoketi Beni mwaka huohuo ilimtia hatiani, kwa kifo chake, afisa wa jeshi la taifa. Kama dini ndiyo ingekuwa ufunguo wa vita hivi, Ndala angekuwa upande gani?

Hata hivyo siwezi kusema kwamba dini ni vazi tu. Ingekuwa rahisi mno, na ingekuwa ni kuwadharau watu waliorudi kutoka msituni na kusimulia. Mateka walilazimishwa kusilimu, wakapewa majina mapya, wakafundishwa kusali. Mtu anayekuua kwa ajili ya kakao hana haja ya kubadilisha jina lako. Wanaofanya hivyo wanaamini kitu, au angalau wanahitaji wengine waamini. Nimefikia hitimisho hili: siasa iliwaleta msituni, biashara ikawaweka, na dini ikawapa sababu ya kutotoka. Ukiondoa moja kati ya hizo tatu, hadithi haisimami.

Sasa nirudi kwenye maneno, maana ndiyo niliyokuwa nayo mfukoni siku ile.

Chukua sentensi yoyote ya Kiswahili juu ya dola ya kisasa, ile tunayoisikia kila asubuhi redioni: raisi wa Jamhuri ameitisha mawaziri kuzungumzia sheria, katiba, haki na usalama wa raia. Ukitoa vitenzi na viunganishi, karibu kila kitu hapo kimetoka katika Kiarabu. Serikali yenyewe imetoka katika Kiajemi. Siasa ni Kiarabu. Uhuru tumeujenga kwa kiambishi chetu na shina la Kiarabu. Neno raia lilimaanisha kundi linalochungwa, na kila nikiwaona wakimbizi wa ndani wakipita Butembo na magodoro kichwani nawaza kwamba maana ile ya kwanza haijafa bado. Taifa letu lisilo na dini linaongea juu ya nafsi yake kwa msamiati uliosafiri na Waislamu.

Angalia tena sheria. Kwa mchuuzi wa Butembo, niliyemhoji kwa daftari, sheria ni ile ya kodi ya soko, ya kibanda, ya polisi wa barabarani. Hakuna hata mmoja kati ya niliowahoji aliyeitaja dini aliponieleza maana yake. Neno lilikuja na Kurani, likakaa, likawa mali ya umma. Lakini magazeti yanapozungumzia wapiganaji huandika sharia, kwa “a”, na tofauti hiyo ya irabu moja inatosha kumfanya msomaji atetemeke. Neno moja limegawanyika mara mbili: upande mmoja ofisi ya mji, upande mwingine panga. Vivyo hivyo juhudi na jihadi. Mwalimu wa shule ya msingi aliandika “juhudi” kwenye matokeo yangu, nikakimbia nyumbani kumwonyesha bibi. Mzizi ni uleule, j-h-d, kujitahidi.

Na bibi yangu huyohuyo, Mkatoliki wa tangu zamani za Wamisionari, alipokimbia kijiji chake alikimbia na rozari, akisali Salamu Maria njia nzima. Salamu, salama, Islamu: s-l-m. Nilimweleza siku moja kwamba neno la kwanza la sala yake na jina la dini ya wale watu ni ndugu wa tumbo moja. Alinitazama kwa muda, akasema: “Basi wale wameliiba.” Sijapata katika vitabu vyangu maelezo mafupi kuliko hayo.

Neno ambalo halikutoka Uarabuni ni mapinduzi. Hilo ni letu, la Kibantu, kutoka kupindua, na linafuata njia ileile ya ukombozi na mwokozi, ambamo ile “l” ya kale iliyopotea katika kitenzi inarudi kama “z” katika nomino. Kupindua ni kitenzi kinachotaka shamirisho. Huwezi kupindua tu. Lazima upindue kitu. Januari 12, 1964, huko Zanzibar, kitenzi kilikuwa na shamirisho yake: serikali ya Sultani Jamshid, iliyokuwa na umri wa mwezi mmoja tu tangu uhuru. Mtu anaweza kuyasifu mapinduzi yale au kuyalilia, maana maelfu waliuawa, lakini anajua ni nani aliyepinduliwa. Na angalia dini ilikokaa. Aliyepinduliwa alikuwa Mwislamu. Karume alikuwa Mwislamu, na wengi wa waliomfuata. Aliyejiita Fildi Mashali na kutangaza redioni, John Okello, alikuwa Mkristo kutoka Lango, Uganda. Hakuna anayeyaita Mapinduzi ya Kikristo wala Mapinduzi ya Kiislamu. Watu wa dini moja walikuwa pande zote mbili, kwa sababu ugomvi ulikuwa juu ya ardhi, kura na nani ni mwenyeji.

Huku kwetu, wanaojiita wapiganaji wa Mungu wamepindua nini? Gavana wa kijeshi alikuwa Goma tangu utawala wa kijeshi ulipotangazwa Mei 2021 hadi mwanzoni mwa 2025. Raisi yuko Kinshasa. Aliyepinduliwa ni mkulima wa Mbau aliyekwenda kuvuna kakao. Ni mama wa Eringeti aliyerudi shambani kwa sababu watoto hawali pole. Kitenzi kimekosa shamirisho yake na kumwangukia aliye karibu. Mapinduzi ambayo hayana neno lolote la kumwambia mkulima, isipokuwa asilimu au afe, nashindwa kuyaita kwa jina hilo, hata kama wenyewe wanalitaka.

Na kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi, kwa kuwa linatuhusu sisi tulio wengi. Joseph Kony alisema anapigania Amri Kumi za Mungu. Jina la kundi lake linamtaja Bwana. Wapiganaji wake waliingia msitu wa Garamba, katika nchi hiihii, na wakati wa Krismasi ya 2008 waliua mamia ya watu upande wa Faradje na Doruma. Je, kuna Mkristo yeyote aliyesimamishwa kwenye kizuizi, akafunguliwa mfuko, ikakutwa Biblia, akaulizwa kama anamjua Kony? Sijasikia. Tulijua mara moja, bila kuelezwa na mtaalamu, kwamba Kony si Ukristo. Ujuzi huo tunao. Tatizo ni kwamba tunaugawa kwa upendeleo.

Upendeleo huo una umri mrefu. Wabelgiji walipigana na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu wa mashariki kati ya 1892 na 1894, wakashinda, kisha wakafanya jambo la ajabu: lugha ya walioshindwa wakaitumia, jeshini, migodini na katika shule za misheni, lakini dini yao wakaitazama kwa mashaka hadi mwisho wa ukoloni. Sisi ni watoto wa mgawanyo huo. Tulipewa Kiswahili bila Waswahili. Tunaweza kusali kwa maneno yao, kuhesabu pesa kwa maneno yao, kuandika katiba kwa maneno yao, na bado tukamwona mwenye kanzu kuwa mgeni.

Nimesema katiba. Ile ya Februari 18, 2006, katika ibara yake ya kwanza, inasema kwamba Kongo ni taifa lisilofungamana na dini. Katika ibara hiyohiyo, mistari michache mbele, inataja lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, na kuiagiza serikali iziendeleze bila ubaguzi. Sijui kama walioandika waliona jirani hao wawili walivyokaa. Mimi nawaona. Ahadi ya kwanza inasema dini ya mtu isiulizwe mlangoni pa serikali. Ya pili inasema lugha yake isimhukumu. Siku ile, kwenye kamba, zote mbili zilivunjwa kwa swali moja, na swali hilo niliulizwa mimi.

Ni lazima niseme pia juu ya Sheikh Ali Amini. Alikuwa imamu mjini Beni, na alisema wazi kwamba wanaochinja watu hawana haki ya kutumia jina la Uislamu. Mei 1, 2021, ndani ya Ramadhani, aliingia mtu msikitini wakati wa sala ya jioni akampiga risasi. Wiki mbili na siku chache baadaye imamu mwingine aliuawa Mavivi, karibu na hapo. Watu hao walikuwa wakisema hadharani, kila Ijumaa, neno ambalo mimi nilishindwa kulisema mara moja barabarani. Wao walilisema mbele ya wenye bunduki. Mimi nilikuwa mbele ya vijana wenye mapanga, mmoja wao akiwa mwenzangu wa darasa. Nimejaribu kujitetea kwamba hali zilikuwa tofauti. Zilikuwa tofauti, ndiyo. Kwangu ilikuwa nyepesi zaidi.

Miezi miwili baada ya siku ile nilimtafuta yule mchuuzi. Haikuwa kazi ngumu. Butembo ni mji wa biashara, na anayeuza vikwembe anajulikana na wanaodaiwa naye. Nilimkuta amekaa juu ya bale, anakunywa chai. Nilimsalimu kwa Kiarabu chake, akanijibu, akanikaribisha. Nikamwambia mimi ni yule kijana wa lugha. Akasema alikuwa amenikumbuka kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia kwamba siku ile nilidanganya, kwamba nilijua anasema Kiswahili cha wapi.

“Cha wapi?” akauliza.

“Cha Kasongo,” nikasema.

Akacheka hadi chai ikamwagika. Hakuwahi kufika Kasongo hata siku moja. Alizaliwa Kisangani, akakulia Kisangani, akaja huku kwa biashara akiwa kijana. Aliyemlea ni bibi yake, na bibi ndiye aliyetoka Kasongo. Sikio langu lilikuwa limemsikia bibi yake. Basi hata jibu lile ambalo niliona aibu kulificha lilikuwa na kosa ndani yake, na ningelitoa kwa sauti ya mtaalamu, mbele ya mapanga, kana kwamba ni hati.

Nikamwambia: basi ni heri nilinyamaza. Akatikisa kichwa. “Hapana, kijana yangu. Ungesema Kasongo, ungekosea. Lakini ungekosea ukiwa upande yangu.”

Nilirudi nikabadilisha jambo moja katika kazi yangu. Jedwali langu lilikuwa na safu iliyoandikwa “asili ya msemaji”, ambayo niliijaza mwenyewe kwa kusikiliza. Niliifuta. Mahali pake sasa pana maneno ambayo msemaji mwenyewe alijibu nilipomuuliza anatoka wapi. Mwalimu wangu aliuliza kwa nini nimepoteza data nzuri. Nilimweleza habari hii yote, kama nilivyoieleza hapa, naye akaniambia niiandike. Yule mama wa lengalenga, nilimwuliza mchuuzi kabla sijaondoka, alikwisha kulipa dola zake kumi na mbili? Bado, akasema. Wala hamdai tena.